Daktari Alisema Vizuri Sana

Shule mimi niliiona nikipita na ng'ombe, na kusema ukweli ng'ombe ndio walikuwa wanachungulia dirisha kuliko mimi. Kwa hivyo hii maneno ya Kizungu nitataja hapa, msinishike nayo sana. Nimeyabeba kwa kichwa miaka hiyo yote venye niliyasikia, na kama kuna moja limevunjika mguu njiani, mwenye amesoma alifunge plasta tuendelee.

Yalikuwa ya shemeji yangu, bwana ya dada yangu.

Hiyo ni miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nakaa Kibera, upande wa Makina, natengeneza majiko ya makaa. Tulikuwa tunanunua mapipa ya mafuta yenye yameisha kazi, tunapasua, tunagonga bati mpaka inyooke, tunakunja. Hiyo kelele ilikuwa inafika Mombasa na inarudi na gari moshi. Nyumba yangu ilikuwa kubwa sana: nikitaka kujigeuza kitandani, natoka nje, nageukia huko, halafu naingia. Dada alikuwa Kawangware, mtaa unaitwa 46 kama namba ya basi yake, na bwanake na watoto watatu. Yeye ndiye alikuja Nairobi mbele yangu, na yeye ndiye alinitoa nyumbani Western nikiwa na suruali moja, nusu yake suruali na nusu hewa. Mama yetu alituacha nikiwa bado sijajua kufunga kamba ya kiatu, na hata kiatu chenyewe hakikuwa. Mtu alinilea ni huyo dada.

Jumapili tukitoka kanisa nilikuwa nashika njia na mguu, napanda mpaka Ngong Road, napitia Dagoretti Corner, naingia Kawangware na njaa ya simba wawili. Dada alikuwa anauza mandazi asubuhi pale stage ya 46. Mandazi yake moja ilikuwa inamshikilia mtu wa mjengo mpaka saa nane mchana. Ukila mbili unaenda kwa foreman kuomba ruhusa ulale. Zenye zilibaki Jumamosi alikuwa ananiwekea kwa sufuria, anafunika na sahani, na hakuna mtoto alikuwa anaguza, juu walikuwa wanajua hizo ni za mjomba.

Shemeji alikuwa anafanya kazi ya shamba huko Lavington, kwa nyumba ya wakili fulani mkubwa. Huko na Kawangware kumetenganishwa na barabara tu. Huku ni matope, unavuka, unapata nyasi imechanwa kama nywele ya bibi harusi. Huyo wakili alikuwa anapenda wageni. Jumamosi walikuwa wanajaa kwa veranda, mawakili, maprofesa, watu wa magazeti, wanakula nyama, na wakishashiba wanaanza kusifiana. Si kusifiana gari, si kusifiana suti. Wanasifiana kuongea. Shemeji naye anachukua makasi yake anaenda kwa ule ua uko karibu na veranda, anakata akisikiza. Huo ua aliukata hapo mpaka ukatoka kipara. Wakili akadhani ni ugonjwa, akanunua dawa ya kunyunyizia.

Jumapili sasa, tumekaa, anatufungulia gunia.

Kulikuwa na lucid. Hiyo, alituambia, ni mtu akiongea maneno yake ni kama maji kwa gilasi, unaona mpaka chini na hakuna kitu inaogelea. Kulikuwa na articulate. Huyo kila neno lake linatoka mdomoni likiwa limevaa viatu na kamba imefungwa. Incisive ni mwenye anakata maneno kama wembe mpya, hata hujui umekatwa mpaka uone damu. Na kubwa yao yote, yenye alikuwa lazima asimame ndio aiseme, ilikuwa perspicacious. Huyo anaona ndani ya mtu. Unamwambia umetoka kanisa, yeye anaona mpaka chang'aa ya juzi.

"Huyo hahitaji Kizungu," dada akasema. "Huyo ni mama mkwe."

Tulicheka mpaka jirani wa upande wa pili wa bati akacheka, na yeye hakuwa amesikia mwanzo. Mimi nikamuuliza shemeji, na mtu wa majiko kama mimi anaitwaje kwa hiyo lugha?

"Wewe hakuna neno, shem. Waingereza walifika kwako wakapiga breki, wakarudi nyuma."

Kitu kilikuwa kinamshangaza, na alikuwa anakirudia kila mara akikoroga chai, ni venye lugha nzima inaweza kukaa chini itengeneze kabati ya maneno kwa sababu ya mtu mmoja, yule anaeleza kitu kikaeleweka. Sisi tukiona mtu kama huyo, alikuwa anasema, tunasema tu anajua kuongea, basi, tunaenda kulala. Wenzetu wanamshonea koti. Na nilikuwa naona uso wake akisema hivyo. Mtu alikuwa anashinda na jembe kutoka Jumatatu, hakuna mtu anamuita na jina, lakini hapo kwa hicho kijumba cha mabati alikuwa anang'aa kama sahani mpya.

Sasa lazima niseme hii waziwazi. Hiyo Kizungu ingine, ya kawaida, ya kuunganisha, alikuwa nayo kidogo. Alikuwa na ya salamu, na ya maji na majani na mbwa, halafu alikuwa na hiyo ya veranda. Katikati hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama nyumba iko na mlango wa mbao nzuri na paa ya vigae, na ukuta hakuna. Lakini sisi sote tulikuwa tumesimama mbele, tulikuwa tunaona mlango.

Na kulikuwa na hii desturi. Mtu wa kwetu akienda ofisi yoyote iko na meza na kiti cha kuzunguka, haendi peke yake. Anaenda na msemaji. Anatafuta mtu ako na Kizungu, anavaa koti, anamuongelea, na mwenye shida anakaa pale nyuma na uso ya huruma. Kwa hospitali ndio zaidi. Kila mtu 46 alikuwa anakuambia, usijaribu kuingia hospitali kubwa bila Kizungu, utatibiwa kama mbuzi. Shemeji ndiye alikuwa msemaji wa plot yao, na plot ya pili, na mwisho mpaka watu wa ng'ambo ya mtaro. Aliazimwa kuliko wheelbarrow.

Na alikuwa anasaidia, msidhani ni mchezo. Kuna mjane mmoja mtoto wake alikuwa amekataliwa shule. Shemeji akaenda na yeye, akasimama mbele ya headmaster, akamwambia yeye ni mtu perspicacious. Headmaster tangu azaliwe hakuna mtu alikuwa amemwambia hivyo. Akanyoosha tai, akatafuta nafasi, na nafasi ikapatikana kwa darasa yenye asubuhi ilikuwa imejaa mpaka watoto wananing'inia kwa dirisha. Huko ofisini mkubwa anataka tu kuheshimiwa. Ukimheshimu, kazi imeisha. Shemeji alienda ofisi nyingi, akarudi ameshinda, na sisi tukadhani kila mlango unafunguka na hiyo ufunguo.

Halafu dada akapata kitu kama punje ya mahindi, chini ya kwapa, mkono wa kulia.

Kwanza alisema ni jipu. Akaweka majani, akaweka chumvi ya moto, akaweka kila kitu isipokuwa lami. Punje ikawa haragwe. Kwa dispensari ya hapo Kawangware wakaishika, wakanyamaza, wakamwambia aende hospitali kubwa mjini, na asikawie. Nilipofika hiyo Jumapili alinieleza akigeuza chapati, kama mtu anakueleza kuna mahali paa inavuja. Nikamuuliza kama inauma. Akasema haiumi, na hiyo ndio alikuwa haipendi, juu kitu ikikaa kwako bila kuuma ni kama mgeni hasemi ametoka wapi.

Siku ya kwenda, shemeji aliomba ruhusa kazini. Akavaa koti. Mimi niliwacha bati jioni mapema, nikatembea mpaka huko kusikia.

Nikapata nyumba imejaa. Majirani walikuwa mpaka kwa mlango, na shemeji amesimama katikati anaonyesha venye ilikuwa. Alionyesha venye walingoja kwa benchi pamoja na watu, na venye waliitwa. Alionyesha venye aliingia na hakukaa mpaka akaambiwa akae. Daktari alikuwa kijana tu, mwafrika, macho imechoka. Shemeji akamsalimia, halafu akamwambia kwamba akimuona hivi anaona mtu perspicacious. Huyo kijana akainua macho, akacheka, akampatia mkono. Wakaongea sasa kama watu wawili wa veranda. Shemeji akamuiga daktari akiongea, kidole hivi, kichwa hivi, sauti inashuka inapanda, na watu wakafurahi mpaka mtu mmoja akapiga makofi.

Kulikuwa na mama mmoja mzee, jirani, alikuwa anauza samaki ya kukaanga. Huyo hakucheka.

"Na amesema nini?" akauliza.

"Amesema vizuri sana, mama. Hakukwama hata mahali moja. Huyo kijana ni lucid."

"Nauliza amesema nini."

"Ameeleza kila kitu. Mpaka ameonyesha na mkono. Mimi nimesikia maprofesa, mama, na nakuambia huyo ni articulate kuwashinda."

"Na dawa?"

"Dawa ndio hii." Akatoa vidonge vyeupe kwa mfuko wa koti, vimefungwa na karatasi.

"Kwa hivyo atapona."

"Na daktari kama huyo, nani hawezi kupona?"

Watu wakasema amina. Huyo mama akaangalia vidonge, akamwangalia dada, akaenda kugeuza samaki yake. Dada alikuwa ameinama kwa jiko anapimia watu chai. Alipofika kwangu akanijazia kikombe mpaka ikamwagika kwa sahani, na yeye hakuwa mtu wa kumwaga.

Vidonge viliisha. Haragwe haikuisha.

Ile miezi ilifuata nimejaribu mara nyingi kuiweka kwa hadithi ya kuchekesha, juu ndio kazi najua. Dada alikuwa anakanda unga na mkono wa kulia, na huo mkono ukaanza kufura. Akahamia mkono wa kushoto. Mandazi zikaanza kutoka na maumbo yao. Kuna moja ilikuwa ramani ya Afrika, na kisiwa pembeni. Kuna ingine ilikuwa ng'ombe amelala. Wateja wakawa wanachagua, mmoja anataka ng'ombe, mwingine anataka ile inafanana na chifu, na kwa wiki chache biashara ikawa afadhali kuliko zamani. Dada mwenyewe alikuwa anacheka nao. Halafu mkono wa kushoto nao ukachoka kufanya kazi ya wawili. Asubuhi moja watu wa mjengo wakafika stage wakapata mahali pake ni tupu, na majivu ya jana.

Shemeji alikuwa anasema ni dawa inafanya kazi, mtu akitibiwa lazima kwanza anyauke kidogo kama mche umehamishwa. Lakini Jumapili hakufungua gunia tena. Nilikuwa namchokoza, nasema, shem, leo hakuna neno jipya, Waingereza wameishiwa? Anatabasamu tu. Alikuwa amepunguza kula kuliko mgonjwa. Na alikuwa anapotelea nje ukitaja hospitali, anakumbuka maji, anakumbuka kuni, anakumbuka mtu alikuwa aongee na yeye. Mimi nikadhani ni kuogopa damu.

Mwisho dada akaamua kurudi hospitali, lakini siku hiyo wakili alikuwa na karamu na shemeji hakupewa ruhusa. Dada akaniambia, twende tu sisi wawili. Nikamwambia, lakini mimi Kizungu yangu yote ni "yes" na jina la mafuta ya kupika, "Kimbo." Akasema hiyo itatosha, tukitibiwa kama mbuzi basi tulie kama mbuzi. Alikuwa amekuwa mwepesi hivi kwamba nikimshika mkono kuvuka barabara nilikuwa naogopa upepo.

Tulikaa kwa benchi mpaka mimi nikaota mizizi. Tukaitwa. Kumbe alikuwa yule yule daktari kijana. Alimwangalia dada, akakunja uso kama mtu anatafuta jina, halafu akakumbuka. Hakumkumbuka dada. Alikumbuka Kizungu.

"Wewe si ndio ulikuja na yule mzee? Wa perspicacious?"

Dada akasema ndio, ni bwana yangu.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, na Kiswahili, polepole, "Mama, mlikuwa wapi? Nilimweleza mzee kila kitu. Nilisema mrudi wiki ile ile, tukate hiki kitu kikiwa kidogo, tukipime. Nilisema ni haraka. Tulikuwekea kitanda."

Nilimwangalia dada. Uso wake haukubadilika.

"Alisema nini?" dada akauliza. "Bwana yangu."

"Alisema sawa. Alinishukuru sana." Huyo kijana alikuwa anaangalia meza sasa. "Nilimuuliza kama ameelewa. Akaniambia nimeeleza vizuri kuliko daktari yeyote."

Akampima, na hakuchukua muda. Kiswahili chake kilikuwa cha kawaida tu, cha Nairobi, kama changu. Akasema kitu imetembea, imeingia mahali kisu hakifiki, na yeye atampatia dawa ya kupunguza maumivu na ataendelea kumuona. Mimi ambaye sijawahi kukaa darasani hata kwa bahati mbaya, nilielewa yote. Hakuna neno moja lilinipita. Ningependa lingenipita.

Tulitoka tukakaa kwa ukuta mfupi hapo nje ya hospitali, mahali watu wanauza machungwa. Nikamnunulia moja, nikaimenya. Hakula. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haina adabu. Nikaanza kumwambia nitamfanya nini bwanake nikifika 46, nitamkunja kama bati, nitamtengeneza jiko la miguu mitatu. Akaniacha niseme mpaka nikaisha pumzi.

"Unajua alianza na Kiswahili?" akasema.

"Nani?"

"Daktari. Ile siku ya kwanza. Aliniangalia mimi, si yeye. Akasema, mama, hiki kitu hapa nataka tukiangalie vizuri. Nilikuwa naelewa. Halafu baba watoto akamjibu na Kizungu, na daktari akageuza kiti."

"Na wewe hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Alikuwa amevaa koti."

Akachukua chungwa kwa mkono wangu, akaishika tu.

"Hiyo koti nilipiga pasi mimi," akasema. "Na nikikaa hapo nyuma nilikuwa nasikia raha, kusema ukweli. Nilijiambia, angalia bwana yangu anacheka na daktari kama ndugu yake. Tukitoka nikamuuliza amesema nini, akaniambia amesema vizuri. Nikaona kwa macho yake. Nikajiambia, usimuulize mara ya pili, atajua umeona."

Watu walikuwa wanapita na mabandeji yao. Akaniambia sasa nimsikize, kuna kitu nitafanya. Sitamwambia shemeji kitu daktari amesema leo. Akiniuliza, leo ama mwaka ujao, nimwambie ilikuwa imechelewa kutoka mwanzo, hata siku ile ya kwanza. Na nimwambie hivyo ndivyo shemeji mwenyewe alielezwa na daktari.

Nikamwambia mimi siwezi. Mtu ameharibu kitu kama hiyo, halafu alale usingizi?

"Mimi nikienda, watoto wanabaki na yeye," akasema. "Hawabaki na wewe, wewe hata chai unachoma. Ukimvunja yeye, nani atawaamsha asubuhi?"

Mimi ambaye naweza kukuambia nilipigana na mamba kwa bomba la mfereji na ukaniamini mpaka uulize meno yake yalikuwa mangapi. Hapo nilikuwa na neno moja tu. Nikamwambia sawa. Halafu nikamsimulia habari ya jirani yangu wa Makina, mwenye alinunua jogoo wa kumuamsha, kumbe jogoo ni kiziwi wa saa, anawika watu wakila chakula cha mchana, na jirani anaruka anavaa viatu akimbie kazini mara ya pili. Dada akacheka. Alicheka ameshika ubavu, akaniambia niache, inauma, halafu akaniambia niendelee.

Alienda mvua ya Aprili ikianza. Shemeji alikuwa amemuosha miguu hiyo asubuhi, amemwekea mto, ametoka kununua maziwa. Alirudi akapata mimi nimekaa hapo.

Tulimpeleka nyumbani Western, tukamzika kando ya mama. Watu kutoka 46 walikuja wengi, wale shemeji alikuwa amewaongelea ofisini, mpaka yule mjane na mtoto wake amevaa sare ya shule. Mwenye kuongoza mazishi akamuita shemeji aseme neno. Watu wakasogea. Nyumbani kule walikuwa wamesikia habari yake, walikuwa wanangoja hiyo Kizungu ya Nairobi. Akasimama. Kuku akapita kati yake na sanduku, akarudi. Akasema, "Asanteni kwa kuja." Akakaa. Wazee wengine walinung'unika, walisema amekuja na mkono mtupu.

Baada ya hapo hakuenda ofisi ya mtu. Walikuja kumuazima, akawa anasema koti imeraruka. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anawapikia watoto uji, anamchana yule msichana mdogo nywele, vibaya, mistari inaenda kama barabara za Kibera, lakini anachana. Nilikuwa nakuja Jumapili kama zamani. Tunakula, tunaongea habari ya mvua na ya mpira. Yeye haulizi, mimi sisemi.

Kulikuwa kumepita karibu mwaka. Siku hiyo nilikuwa Makina kwa kazi yangu, natoboa jiko matundu, nikaona kivuli. Alikuwa ametembea kutoka Kawangware, na yeye hakuwa na kawaida ya kuja kwangu. Nikamsukumia pipa akae. Hakutaka chai.

"Shem," akasema. "Ile siku ulienda hospitali na mama watoto. Daktari alisema nini?"

Hiyo swali nilikuwa nimeingojea, na nilikuwa nimeitengenezea jibu refu, liko na kona na mlima na mto wa kuvuka. Likaniruka lote.

"Alisema ilikuwa imechelewa."

"Kutoka lini?"

"Kutoka mwanzo. Hata ile siku yenu ya kwanza."

"Alisema na Kizungu?"

"Na Kiswahili."

"Na yeye alikuwa hapo anasikia?"

"Alikuwa hapo, shem. Alisikia yote."

Aliniangalia. Sijui aliona nini. Mimi niliangalia jiko, nikahesabu matundu yake kwa macho. Fundi wa pembeni alikuwa anapiga mluzi. Shemeji akatingisha kichwa kidogo, kama mtu ameonyeshwa njia na hajui kama ataikumbuka, halafu akainama akachukua nyundo yangu ya pili. Akavuta kipande cha bati yenye nilikuwa nimepasua asubuhi, akaanza kuinyoosha. Hakuwa anajua hiyo kazi. Unagonga kutoka katikati unaenda pembeni, na ikishanyooka unaacha. Yeye aligonga mahali pamoja, akagonga, akagonga, mpaka bati ikawa nyembamba kama karatasi na ikaanza kupasuka, na haikuwa inafaa jiko tena. Nilimuachia hiyo. Ilipoisha nikamsukumia ingine.